Zabibu haingoje, shaba inangoja

Simama ku Kasumbalesa saa moja tu, utaona. Makamyo yenye kubeba shaba yetu yanashuka kwenda Kusini. Mengine yanapanda kutoka kule na vyakula: kuku ya baridi, mafuta, makarto ya pome na ya zabibu. Pome zile njo mama anauzisha pembeni ya barabara, Lubumbashi, Likasi mpaka Kolwezi, amezipangusa na kitambaa mpaka zinangaa. Mutoto akipita analia. Baba akilipwa, ananunua mbili, anazigawa vipande kwa watoto sita. Hakuna mwenye anauliza: nani aliichuma pome hii, na alilipwa ngapi?

Mimi ni mutu wa mine na wa sendika. Kulima matunda sijui. Ku kwangu kuna muembe moja tu, na ule uliota wenyewe. Lakini leo nataka tuzungumuze juu ya wale wenzetu wa mashamba ya Afrika ya Kusini, wenye wanachuma pome na kukata zabibu, juu ya mambo yenye yaliwapata yanakuja kwetu. Mengine yamekwisha kufika.

Nianze na kosa letu wenyewe. Mu kampuni moja penye nilikuwa delege, siku moja tuliitwa ku réunion. Tukaonyeshwa mashini mpya ya kutoboa mawe chini ya udongo, mutu moja anaikalia mu kabine, inafanya kazi ya kikundi kizima. Tulipiga makofi. Ilikuwa nzuri kweli: vumbi kidogo, makelele kidogo, mugongo haukufe. Miezi kidogo nyuma, wenzetu wakaanza kuitwa ku bureau, moja moja. Tulipokwenda kulalamika, tukaambiwa: «Lakini ba delege, si mulikuwa ku réunion?» Tulikuwa. Hatukuuliza kitu. Mashini ilikuwa imekwisha kununuliwa, imekwisha kufika, sisi tuliitwa kuitazama tu.

Tangu siku ile, nikisikia neno «innovation», sipigi makofi na sikasiriki. Nauliza.

Kwa nini mashamba ya matunda

Mu jimbo la Western Cape, pande za Cape Town, kuna mashamba makubwa ya matunda. Pome na peya zinatoka zaidi pande za Elgin, Grabouw na Ceres. Zabibu za divai ziko Stellenbosch, Paarl, Robertson na kwingine. Zabibu za kula, zile zenye tunaona mu makarto, zinatoka sana mu bonde la mutoni Hex, penye kuna muji mudogo unaitwa De Doorns. Matunda mengi yanauzwa Ulaya, mengine yanapanda mpaka kwetu.

Kazi ile ina historia mubaya. Tangu wakati wa wakoloni Waholanzi, wenye ferme walikuwa wanalipa sehemu ya mushahara kwa divai. Mutu anatumika, anapewa kikombe asubuhi, kingine muchana, kingine magaribi. Waliita ile «dop». Sheria ilikuja kuikataza mu miaka ya 1960, lakini mu ferme nyingine iliendelea mpaka miaka ya 1990. Hata leo jimbo lile liko kati ya pahali pa dunia penye wamehesabu watoto wengi sana wenye kuzaliwa na kilema juu ya mama kunywa pombe wakati wa mimba.

Sisi wa Katanga tunajua posho. Wazee wetu wa Union Minière na wa Gécamines walipewa unga, na unga ule ulikomaza watoto, mimi mumoja wao. Posho na dop si kitu kimoja. Lakini vyote viwili vinafundisha neno moja: kitu chenye patron anakupatia pahali pa franka, ni yeye anachagua kama kitakujenga ao kitakuvunja.

Mashamba yamebadilika

Sasa tuangalie mambo mapya, juu yako mengi, na mengine ni akili kubwa.

Zamani muti wa pome ulikuwa mukubwa, unapandwa mbali na mwingine, na mufanyakazi anapanda ngazi na mufuko muzito ku kifua. Watu walianguka. Lakini tangu mwanzo wa karne ya 20, watu wa kituo cha East Malling, Uingereza, walichagua mizizi yenye kufupisha muti. Unabandika pome yako juu ya muzizi ule, muti unabaki mufupi, unazaa mapema. Leo wanapanda miti elfu mbili, elfu tatu mu hektari moja, imefungwa ku nyaya sawa uzio. Mutu anachuma akiwa amesimama chini, ao juu ya gari dogo lenye kutembea polepole kati ya mistari. Ngazi inapotea. Ni kitu kizuri.

Jua la kule linachoma pome mpaka ngozi inageuka ya manjano, na haiuzike tena. Wanatandika nyavu juu ya shamba zima. Maji yanapita mu mipira, tone kwa tone, chini ya kila muti. Ile pia ilikuwa lazima: kutoka 2015 mpaka 2018 ukame ulikuwa mukali sana, Cape Town yenyewe ilifika kuhesabu siku zenye zilibaki mbele ya mabomba kukauka. Wakulima walikatiwa maji, wengine wakangoa mizabibu ya zamani.

Kuna na jambo la wadudu. Mu bonde la Hex, tangu mwisho wa miaka ya 1990, wanafungulia nzi dume wa matunda wenye wamepigwa miali mpaka hawawezi kuzaa. Nzi jike anapanda na yule, mayai hayatoke. Hivi shamba linahitaji dawa kidogo. Mama mwenye anatumika mule anapumua dawa kidogo. Mapafu yake yanapata faida, hata kama hakuna mwenye alifikiria mapafu yake wakati wa kuanza.

Lakini si kila kitu kipya kinakwenda njia ile. Muti wa pome unataka baridi ya kutosha ili ulale, kiisha uamuke wote mara moja. Kule baridi haitoshi kila mwaka, na inazidi kupunguka. Kwa hiyo wanapuliza dawa kali ya kuamusha miti. Dawa ile, Umoja wa Ulaya uliikatalia wakulima wake. Mu mashamba ya Kusini waliendelea kuipuliza, na matunda yakauzwa kule kule Ulaya. Wanamuke wa mashamba, pamoja na chama cha Women on Farms Project, wamepiga kelele miaka mingi: kama ni sumu kwa mufanyakazi wa Ufaransa, kwetu inageuka maji ya dawa namna gani?

Halafu kuna mashini ya kuvuna. Zabibu za divai hazihitaji kuwa nzuri kwa macho, juu zinakamuliwa tu. Kwa hiyo mashini inaweza kupita juu ya mustari wa mizabibu, inautikisa, zabibu zinaanguka ndani. Inatumika hata usiku, penye kuna baridi na divai inatoka vizuri. Pahali pa watu makumi, kunabaki dereva na wasaidizi kidogo. Zabibu za kula ni kitu kingine. Kichala lazima kifike sokoni kizima, kila punje na ngozi yake. Mashini ya kutikisa itakiharibu. Pale kunahitaji mukono, mukasi, na jicho la mutu.

Tunza jambo lile mu kichwa, juu nitalirudilia.

De Doorns, 2012

Tarehe 16 Agosti 2012, polisi ya Afrika ya Kusini iliua wachimbaji 34 ku Marikana, ku mine ya platine. Sisi wote wa mine tulilia. Watu wa mashamba waliona ile vilevile, na waliona kama wachimbaji hawakurudi nyuma.

Mwanzo wa Novemba mwaka ule, wafanyakazi wa mashamba ya De Doorns walifunga kazi. Mushahara wa chini wenye sheria iliweka ulikuwa karibu randi 69 kwa siku. Waliomba 150. Mugomo ulisambaa mu miji mingine ya jimbo. Barabara kubwa ilifungwa, mizabibu ikachomwa, polisi ikapiga risasi za mupira, watu walikufa. Mu Desemba walisimamisha, mu Januari 2013 wakaanza tena. Mwanzo wa Februari, serikali ilitangaza mushahara mupya wa chini: randi 105 kwa siku, kuanzia tarehe 1 Machi 2013. Ni kupanda zaidi ya nusu mara moja.

Ndugu, kwa nini walishinda? Sendika zilikuwa na watu kidogo sana mu mashamba. Mugomo ulianzishwa na wafanyakazi wenyewe, sendika zikafika nyuma zikikimbia. Hawakuwa na franka za kungojea. Wengi walikuwa wa musimu tu, wengine walitoka Zimbabwe na Lesotho. Na mu 2009 pale pale De Doorns watu walifukuzana wenyewe kwa wenyewe, Wazimbabwe karibu elfu tatu wakakimbia mabanda yao, juu ya kusema hawa wanatukamatia kazi.

Walishinda juu waliijua saa, na waliujua mukono wao. Mu Novemba vichala vinatayarishwa, punje zinapunguzwa ili zingine zinenepe. Mu Januari kukata kunaanza. Ukipita majuma mawili bila mukono, mavuno ya mwaka muzima yanaoza ku muti. Na pale hakukuwa mashini ya kuwakamatia pahali, juu zilikuwa zabibu za kula.

Sisi, shaba yetu inangoja. Inaweza kulala mu stock miezi sita, haiozi hata kidogo, na pengine bei inapanda. Njo maana mugomo wetu ni muzito kuliko wao, na njo maana hatuwezi kuiga De Doorns bila kufikiri. Nguvu yetu haiko ku saa ya mavuno. Iko pahali pengine: iko mbele ya mashini kununuliwa, wakati patron anahitaji watu wenye kujua mugodi ili aipange vizuri. Mashini ikikwisha kufika, saa yetu imepita. Mimi niliiona saa ile ikipita, nikiwa napiga makofi.

Nyuma ya ushindi

Sitaki kuwadanganya. Ushindi wa De Doorns haukuwa mwisho. Sheria ilifungulia mulango wenye ferme wenye kusema hawawezi kulipa 105, waombe ruhusa ya kulipa chini, na wengine waliomba. Wengine walianza kukata franka za nyumba na za umeme zenye hawakuwa wanakata. Na kile kilichokuwa kimeanza tangu zamani kikaendelea: wafanyakazi wa kudumu wanapunguka, wa musimu wanazidi, na katikati anaingia mutu wa kukodisha watu. Yeye njo anawabeba asubuhi na kamyo, yeye njo anawalipa, na mwenye ferme anasema: «Hawa si watu wangu.»

Munaifahamu nyimbo ile? Kwetu inaitwa sous-traitance. Mutu anavaa kofia yenye jina moja, kontra yake iko na jina lingine, na siku ya ajali majina yote mawili yanapotea.

Mwenye ferme naye ana maneno yake, na lazima tuyasikie. Anasema bei haiweke yeye. Maduka makubwa ya Ulaya yanaweka. Umeme unapanda, maji yanakosekana, sanduku na meli ni vya kulipa. Si uongo. Kuelekea 2006 Afrika ya Kusini ilikuwa na mizabibu ya divai karibu hektari 100,000, leo iko chini ya 90,000. Kuna wenye wamefunga ferme. Na patron wetu anasema vilevile: bei ya shaba inawekwa London, mimi niko chini yake sawa ninyi.

Sawa. Nakubali bei inatoka London. Lakini swali langu haliko juu ya bei. Mashini ikileta faida, faida ile inagawanyika hapa kwetu, mu bureau ya hapa, na kalamu ya mutu mwenye tunamujua. London haikusema nani aondoke na nani abaki.

Si kukataa mashini

Kuna ndugu watasema: basi tukatae. Mimi hapana. Kama nyavu, na nzi wenye hawazai, na miti mifupi vinaokoa mutu kuanguka na kupumua sumu, nani atakatalia mama yake ile? Mu mine vilevile: mashini yenye inatoa kijana mbele ya ukuta wenye unaweza kuanguka, ni baraka.

Na kuna kitu kipya kingine chenye kiliongeza kazi ya mikono. Mu miaka ya 1860 kidudu kidogo, filokisera, kilifika Ufaransa kutoka Marekani, kikala mizizi ya mizabibu. Mu 1886 kilionekana pande za Cape. Hakuna dawa yenye ilitosha. Kilichookoa ni kubandika: tawi la muzabibu wa Ulaya juu ya muzizi wa Marekani, wenye kidudu hakiuwezi. Mupaka leo karibu mizabibu yote inapandwa vile, na kubandika kunataka mukono mwenye akili. Kitu kipya kinaweza kufukuza mutu, kinaweza kumuinua. Inategemea nani alikaa ku meza siku ya kukata shauri.

Wazee wetu tunawakumbuka. Mu 2003 na 2004, watu zaidi ya 10,000 waliondoka Gécamines na mupango wa départ volontaire. Walipewa bahasha. Bahasha ilikwisha, watoto wakatoka ku masomo. Watu wale hawakukosa akili. Walikosa meza.

Kwa hiyo ba delege wa kila kampuni, hata za sous-traitance, nawaomba maulizo manne, na muyaweke kwa maandishi mbele ya mashini yoyote kutia saini:

Kwanza: mashini hii inatoa hatari gani, na inaleta hatari gani mupya? Sawa dawa ya kuamusha miti, kitu kinaweza kusaidia mavuno na kuumiza mutu.

Pili: wanaondoka wangapi, na wangapi watafundishwa kuiongoza? Mwenye alitoboa mawe miaka 15 anaweza kukalia kabine. Asiletwe mugeni kutoka nje mbele yeye hajajaribiwa.

Tatu: watu wa sous-traitance wamehesabiwa ao wamesahauliwa? De Doorns ilionyesha: ukiacha mutu wa musimu peke yake, kesho watamutumia kukufukuza, kiisha wewe utamufukuza yeye, na patron atawaangalia.

Ine: faida ya mwaka wa kwanza inakwenda wapi? Mushahara, hopitali, masomo, tuone namba.

Code du travail ya 2002 inaomba patron aelezee delegation ya wafanyakazi mbele ya kufukuza watu kwa sababu za uchumi. Sheria iko. Lakini sheria inamukuta mutu ku mulango wa kutoka. Sisi tunataka kuongea ku mulango wa kuingilia, siku ile kamyo lenye kubeba mashini lingali ku barabara, ao bado halijapakiwa.

Na ninyi ba mama wa nyumbani, musiseme haya ni maneno ya wanaume wa mine. Bwana akirudi akisema «leo wametuonyesha mashini mpya», musimuulize tu kama ni kubwa. Mumuulize: «Na muliuliza nini?»

Jioni ile ya réunion yetu, bibi yangu aliniuliza vile. Nilikosa jibu. Sitaki mwingine akose.